Nafasi ya Herufi Moja

Miaka miwili kibao kilining'inia Birere,
PHRAMACIE kwa rangi ya kijani, kazi ya mkono wangu,
na hakuna mgonjwa aliyepotea njia.
Walisoma kama chukudu inavyoteremka na mzigo:
gurudumu la mbele lipo, la nyuma lipo,
viazi vya katikati na vivurugike vipendavyo.

Kisha Mama Masika akaniagiza cha Kiswahili.
TUNAUZA MAKALA, alisema.
Nikaandika alfajiri, usingizi ungali jichoni:
TUNAZUA MAKALA.
Saa mbili soko zima lilikuwa mlangoni pake.
"Mnazua nini tena, Mama? Moshi?"
Alinilipa nusu. Nusu nyingine ilikuwa matusi.

Herufi ya kwanza palepale, ya mwisho palepale.
Kwa nini Kifaransa kilinisamehe
na Kiswahili kikanishtaki?
Nadhani neno la wale lina mifupa mingi,
litikise guniani, bado utajua ni mbuzi.
Letu ni ukuta wa mawe ya volkano
uliopangwa bila saruji, silabi juu ya silabi:
hamisha mawili, hauanguki,
unakuwa ukuta wa jirani.

Ndiyo maana naiogopa simu.
Ujumbe wa Paluku, mdogo wangu, ulifika usiku
kutoka huko mbele ya Sake:
*Mama nilikata kurudi.*
Mimi, msomaji wa mbio,
niliona NILITAKA. Naapa nililiona.
Nikamsomea kwa sauti, akatabasamu,
nikaenda kuosha brashi.

Mama alijifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu.
Kidole chini ya mstari, ni, li, ka, ta,
na kidole hakina haraka ya kufurahi.
Alifika mwisho, akarudi mwanzo.
"Imepungua *a* moja," akasema. "Nilikataa."

"Hapana, Mama. Ni *taka*. Amezigeuza.
Baridi ya vidole, giza, sijui."
"Labda," akasema,
akaifunika simu kwa kanga kama sahani ya mgeni.

Namba ya Paluku haipatikani tangu siku ile.
Kibao cha makala nimekisahihisha bure.
Ila neno lile sijaligusa:
Mama amelinakili kwa chaki nyuma ya mlango,
herufi kubwa, kama lilivyokuja,
na kabla ya *kurudi* ameacha nafasi
inayotosha herufi moja.