Sambaza kwa Vichwa Vyake

Mkono ulivunjika kwa jambo dogo, la aibu:
si pikipiki, si kuanguka kutoka juu ya bati.
Mvua ilikuwa imelainisha njia ya Kadutu,
nikateleza, nikatua kwa kiganja,
nikasikia ka!
kama kijiti cha kuwashia jiko.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha.
Akauliza umri. Ishirini na mbili.
Akauliza tena.

Nikamsimulia uvimbe wa shingoni,
dripu nyekundu, basi la Kigali alfajiri,
nywele ndani ya mfuko ambao mama hakutaka kuutupa.
Nilipona. Kanisani walipiga vigelegele.
Hakuna aliyeniambia kwamba dawa ikipita
ilizima na moto mwingine, chini ya kitovu,
na kwamba mifupa yangu ilikuwa ikiota moto huo.

Mama ana hamsini na moja.
Usiku joto linatupanda sote wawili,
tunatoka kizingitini, taa za Cyangugu ng'ambo,
tunajipepea kwa daftari moja, kwa zamu.
"Nsimire," anacheka, "nilikuzaa, leo tu rika."
Kisha hacheki.
Daftari linabaki mkononi mwake, halipepei.

Sasa nina kazi.
Kidonge cha asubuhi, kinachonikopesha
kile mwili ulichoacha kutengeneza.
Jua la saa nne, mikono wazi, mlangoni;
majirani wanadhani nangoja mtu.
Kidumu cha lita tano, nikipanda nacho mlima,
maana mfupa usiobebeshwa kitu, kasema daktari, hujisahau.
Na sambaza: nazila kwa vichwa vyake, kwa miiba yake.
M'Cirhuza wa sokoni anajaza kopo mpaka linamwagika,
halafu anatupia konzi moja juu, akitazama kwingine.

Habari ya watoto, shangazi ameacha kuuliza.
Ukimya wake ni lita ishirini.

Jana ilinyesha tena.
Vidato thelathini na sita mpaka barabarani,
nikavua viatu, nikashuka kiubavu,
mkono ukutani, mguu ukipapasa kabla ya kukanyaga.
Kijana mmoja nyuma yangu akasonya:
"Bibi, tutafika leo?"

Pita, kaka, nikamwambia.
Mimi nashuka na mifupa mia mbili na sita.
Sina hata mmoja wa kuacha njiani.