Kwa Niaba ya Urho

Nimejifunza kuandika jina langu, halafu *kwa niaba ya*,
halafu jina lake, Urho Lahtinen,
kama mtu aliyevaa koti la babaye
akakuta mifukoni funguo zisizo na mlango.

Pale benki, Thunder Bay, wameshanizoea.
Senti zake hazilali na senti zangu:
yeye ana daftari jekundu, mimi sina.
Dawa. Soksi za sufu. Kinyozi, Jumanne.
Kila risiti naibana kwa pini,
maana kaka yangu Reijo, aliye mbali,
huniandikia maswali yenye adabu.

Nilipokuwa na miaka saba alinituma dukani,
nikarudi na chenji pungufu, senti tano.
Akanirudisha njia nzima, kwenye barafu, nikaitafute.
Sikuipata.
Hakuiulizia tena, wala hakuisahau.

Leo ameniita dirishani:
"Yule kijana wa theluji, umemlipa?"
Baba, nyumba tuliiuza Septemba.
Hapa theluji huzolewa na watu wa makao.
"Dola arobaini," akasema. "Dawa ya deni kulipa."

Nikafungua mkoba wangu, si wake,
nikamtia noti mbili kiganjani.
Akazihesabu. Akazihesabu tena, midomo ikicheza.
Kisha akanirudishia moja:
"Hii yako, ya kahawa.
Na chenji uilete."

Usiku daftari liko wazi mezani,
kalamu imekauka mara mbili,
na bado sijui
niiandike upande upi.