Kielelezo cha Nne

Karani wa Mahakama ya Milimani
anapangusa flashi kwa ncha ya tai yake,
anaichomeka, anaichomoa, anaigeuza,
na kesi ya kampuni dhidi yangu
inasimama kidogo, kusubiri spika ishike.

Nyimbo mia mbili na kumi na saba.
Wakili wao amezipigia hesabu:
kila aliyepakua, shilingi kadhaa,
zidisha kwa elfu nne, weka riba,
weka gharama za kesi,
hadi nikaanza kukadiria kimoyomoyo
ni sare ngapi za shule, kola na mifuko,
zitakazonifikisha huko.
Mimi ni fundi. Cherehani moja. Kaloleni,
nyuma ya ukumbi.

Spika ikashika.
Gitaa likaingia likichechemea, kama lilivyoingia
Jumapili ile ya mwaka wa themanini na nne,
mama akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja,
chekundu na jirani yake,
huku ametutolea macho: atakayekohoa leo!
Redio huku, kaseti huku,
katikati yao upana wa kiganja.

Na kwenye dakika ya pili,
gitaa la pili linapoanza kulijibu la kwanza,
sauti ya mwanamke ikaupasua wimbo:
Peni! Epua maharagwe, yanaungua!

Askari wa mlangoni akacheka.
Hakimu akaandika kitu, akakikata.
Mama ana miaka kumi na tisa kaburini,
na maishani mwake hakuwahi kufika kortini.
Wakili akainuka, akafunga kifungo cha koti:
"Mheshimiwa, hiyo kelele
haimo katika madai yetu."

Kelele.

Sikuuza hata mmoja. Nilizipandisha usiku,
mmoja mmoja, bando likiruhusu,
na vijana wetu wanaolinda mageti ya watu huko Doha
wakanitumia sauti: mama, ongeza, huku hakulaliki.
Nilidhani nagawa maji ya mvua.

Lakini benchi la nyuma alikaa mwanamke
aliyesafiri usiku kucha kutoka Ahero,
Dorsila, mjane wa mwenye wimbo.
Saa saba tukagawana chai na andazi moja.
"Walimlipa mara moja," akasema, "mia tatu na shati.
Kampuni haijanipa kitu.
Wewe pia hujanipa kitu.
Tofauti yenu ni kwamba wewe umenisalimia."
Nikakoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari.

Mchana nikaomba neno.
Nikasema, chukueni wimbo wote,
mniachie sekunde zile nne.
Karani, kijana mwema, akajaribu,
akavuta mstari huku na huku kwenye kompyuta,
akatikisa kichwa. Gitaa linapita chini ya sauti ya mama;
ukimwinua, linainuka naye.
Hukumu tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi.

Kwenye ngazi, Dorsila akaninyooshea simu yake,
kioo kimepasuka, kimeshikwa na selotepu.
Hakuwa nao. Hata mmoja.
Miaka yote hiyo hakuwa na sauti ya mumewe popote.

Nikatazama nyuma. Wakili alikuwa akitafuta gari lake.
Nikatuma.
Kosa la mia mbili na kumi na nane.

Sasa hivi basi liko wapi, Naivasha? Gilgil?
Mumewe anamwimbia sikioni,
na muda si muda, mahali fulani gizani,
mama yangu atamkaripia kuhusu maharagwe.