Ratili Mbili za Umande

Mufindi, kipupwe. Chai imelala chini ya ukungu
kama ng'ombe aliyekataa kuamka.
Mama akatundika tenga lake kwenye mizani,
mshale ukaruka hadi thelathini,
karani akaandika ishirini na nane.
"Mbili ni za umande."
Kiangazi, jua likipasua visigino,
mbili zilikuwa bado za umande.

Bwana Mizani alisimama barazani na kiko chake.
Hakuwahi kunitazama usoni.
Alitazama masikio yangu, basi,
masikio haya yaliyotokeza kama vishikio vya kikombe,
ambayo mlima mzima ulijua yametoka kichwa gani.

Kambini waliniita Nusu.
Dukani, mlango wa mbele: "Wewe pita dirisha la nyuma."
Dirisha la nyuma: "Kwani wewe si wa mbele?"
Chumvi nilinunua kwa kusubiri
watu wa pande zote mbili waishe.

Mama alipokufa
(kifua, baridi, na ule usiku
waliomfungia ghalani kwa kuukataa umande)
sikulia. Nilitembea.
Nikapita miwati, nikapita mianzi inayokingiwa ulanzi,
mpaka mahali ambapo miti ilikuwa ikinguruma.

Sekalinga alikuwa juu ya mtundu, moshi mkononi.
"Kamwene," akasema bila kutazama chini,
kana kwamba alinituma na nimechelewa kurudi.
Kamba aliishika Ambakisye,
Mnyakyusa aliyeacha vidole viwili kwenye mashine ya kiwanda
akapewa, badala yake, barua ya kuondoka.
Hawakuwa mume na mke. Hawakuwa ndugu.
Walikuwa na mizinga arobaini na sufuria moja.

Nyuki wa mlangoni, walinifundisha, hunusa.
Sekalinga akanipaka nta viganjani, shingoni,
nyuma ya masikio yale yale,
akanisimamisha mbele ya mzinga.
Mmoja akatua kwenye kope. Akatembea. Akaruka.
"Umeandikwa," akasema Ambakisye.
Jina la Nusu akalitupa motoni pamoja na masega makavu.
"Huyu ni Tulinagwe."
Kwao maana yake: tuko naye.

Nikarefuka. Nikajua kuacha sega la watoto,
kusonga ugali wa watu watatu kwa kukisia.
Damu yangu ya kwanza ilinikuta mtini;
Sekalinga alinirushia kanga yake,
"Shuka polepole, nyuki hawapendi pupa,"
na siku hiyo sufuria aliosha Ambakisye, akiimba vibaya.

Kisha akaja yeye. Landrova yake ilizimika kwenye matope,
akamalizia kwa miguu, akikohoa.
"Asali. Ratili kumi."
Nikatundika kibuyu. Mshale ukasimama kumi.
Nikachota, nikarudisha mtungini,
nikachota tena. Nane.
"Mbili ni za umande," nikasema.
Jua lilikuwa utosini.

Ndipo aliponitazama uso,
wote, taratibu,
kama mtu anayesoma barua
aliyoiandika mwenyewe akaisahau.
Alilipa kumi. Hakudai chenji, hakudai kitu.
Kikohozi chake nilikisikia mpaka kwenye gari.

Nilidhani nitacheka. Magoti ndiyo yaliyocheka.
Sekalinga hakunisifu. Alifuta mizani kwa pindo,
akasema, "Hizo mbili si zako wewe pia."

Usiku nikazipeleka kambini,
mlango kwa mlango, kijiko kwa kijiko,
mpaka mlango uliokuwa wetu.
Mtoto wa watu nisiowajua alilamba,
akalamba tena, kisha kwa mkono wake wa asali
akalishika sikio langu, akalivuta,
akacheka.