Daftari la Kijani

Nilistaafu shirika la tramu la Brno
na goti bovu, na macho ya kuona senti iliyopotea.
Wakanijia watatu, mkubwa wao ana miaka ishirini na mbili:
"Bi Vlasta, tunatengeneza michezo ya kompyuta.
Tutunzie hesabu. Mshahara utakuja."
Mshahara! Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Ukurasa wa kwanza:
kodi ya chumba juu ya duka la vifungo,
kompyuta tatu, moja haina kifuniko,
hita ya umeme, deni kwa shangazi yake Radim.
Mapato: mstari mtupu.

Radim mchana aliuza viatu, usiku aliandika msimbo.
Bohuš alirekodi lifti yetu ikilia,
akaipunguzia kasi, ikawa ngurumo chini ya ardhi.
Květa alichora. Konokono wake nilimwona akizaliwa
nukta kwa nukta, kijivu juu ya kijivu,
mpaka jioni moja akageuza pembe, akanitazama.

Huo ndio uliokuwa mchezo: konokono avuke stesheni
kabla treni ya alfajiri haijaingia.
Basi. Hakuna bunduki, hakuna ufalme wa kuteka.
Ziliuzwa nakala arobaini na moja.
Mbili nilinunua mimi, nami sina kompyuta.

Haba na haba hujaza kibaba,
ila chetu kilikuwa kimetoboka kitako.
Mwaka wa tatu niliandika kwa wino mwekundu mtupu;
ule wa bluu ulinikaukia chupani.

Halafu mlango.
Katika mchezo wa pili, mlango mmoja ulikataa kufunguka,
tarakimu moja tu, Radim alikosea akisinzia.
Watu wakakesha mbele yake.
Barua zikaja kutoka Recife, kutoka Osaka:
kuna nini ndani? tufanyeje?
Radim alitaka kurekebisha, ameiva uso kwa aibu.
Květa akamshika mkono: "Wamebisha hodi kwa adabu.
Usiwafungulie chumba kitupu."
Miezi minne akachora kilichokuwa nyuma ya mlango.
Mwezi wa tano nilinunua wino wa bluu.

Pesa ikija, huja na wageni.
Wawili, kutoka kampuni kubwa, viatu havijui tope.
Walitaja bei. Lifti ilisikika ikipanda, ikishuka.
Waliniuliza mimi, nikawafunulia daftari:
tarakimu hazina upande, wanangu, zina jumla tu.
Radim akaenda nao Praha.
Hakugombana na mtu. Alichukua kikombe chake,
kile kisicho na mkono.

Waliobaki walitoa mchezo mmoja zaidi, taratibu,
kisha duka la vifungo likauzwa, na chumba pamoja nalo.
Nilifunga hesabu. Hatukudaiwa, hatukudai.

Juzi kwenye tramu namba nne
mtoto wa jirani wa kiti alikuwa akicheza simuni.
Stesheni ile. Konokono yule.
Na kwenye dirisha la tiketi, ambalo sikuwahi kulifikia
kwa kuwa sikuwahi kucheza,
kikongwe kanyoosha goti, daftari la kijani mbele yake:
"Risiti yako, mwanangu. Usiitupe."

Hakuna aliyewahi kuniambia.
Nilipitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu, na goti hili.
Nyumbani nikatafuta ukurasa wa kwanza, ule mstari mtupu,
nikaandika kwa bluu: Mshahara. Umepokelewa.
Tarehe nilisahau kuweka.