Ndevu za Seboku

Laha ya mia tatu na sita tangu asubuhi.
Nafungua jalada; harufu ya naftalini inanitangulia,
kisha yeye: seboku,
shina limekunjwa goti mara mbili lienee karatasini,
mizizi ingali na udongo mweusi
wa bonde ambalo leo limelala chini ya bwawa.

Lebo imepigwa taipu:
«Februari 1937. Futi elfu saba na mia mbili.
Mteremko wa kaskazini. Ng'ombe huupenda.
Jana mvua ya mawe. Farasi wa kijivu amekufa.
Wenyeji huuita seboku.»
Chini, kwa wino, Bwana Penhale, mkusanyaji,
mkia wa jina lake umetambaa hadi ukingoni
kama mtu asiye na jirani.

Farasi katajwa, na rangi yake.
Lakini nani alilitamka neno hilo,
mara ya kwanza, ya pili, polepole, ya tano,
hata mgeni akaliandika bila kosa?

«'M'e 'Malehloa,» Thabang ananiita toka kwenye kamera,
«laha elfu kumi na mbili, na mkataba unaisha Juni.»

Nasikia. Ila laha hii haina utepe wa kitambaa
kama wenzake. Unyasi umefungwa kwa unyasi,
fundo limezungushwa kushoto,
ncha imechomekwa ndani isionekane.
Babu yangu aliezeka hivyo.
Basi, wengi waliezeka hivyo. Sidai kitu.

Nainamia lenzi. Barakoa imeteleza,
pumzi yangu ikaangukia mbegu
na ndevu yake, nyeusi, kavu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea,
ikajinyonga nusu mzunguko,
ikaona umande,
ikatafuta ardhi.

Miaka yote hiyo katika kabati la chuma!
Na ardhi yenyewe ni kadibodi.

Sikumwambia Thabang.
Nilifungua kisanduku cha «Mkusanyaji wa pili», nikachapa:
mtu mmoja, mkono wa kushoto.
Mfumo ukanikatalia kwa wekundu:
andika jina, au acha wazi.

Kalamu ya wino hairuhusiwi humu.
Penseli inaruhusiwa.
Nikaichonga.