Unyaufu

Miaka ishirini na mbili nimepima korosho za watu
katika ghala hili la Newala,
na kalamu yangu haijamdhulumu mtu hata robo.
Jana jioni, makuli walipokwisha kuondoka,
nilifunga mlango, nikavua viatu,
nikapanda mizani mwenyewe kama gunia.

Mia moja na saba.

Nikashuka. Nikatoa funguo mfukoni, simu, tasbihi,
nikapanda tena.
Mia moja na saba.
Mizani hii nimeifundisha mwenyewe kutoona haya.

Daktari, kijana rika la kitindamimba wangu,
aliandika "punguza" akaipigia mistari miwili,
kana kwamba ni dawa inayotolewa dirisha la pili.
Punguza ugali wa muhogo. Punguza nazi.
Na korosho je? nikauliza.
Akacheka. Mimi sikucheka.
Kwangu korosho si chakula, ni hewa:
iko mezani, iko mfukoni, iko kati ya jino na jino,
mkono unaifuata huku kichwa kinajumlisha tani.

Nikaanza kukimbia alfajiri, ukungu haujaamka,
barabara ya kwenda Shimo la Mungu.
Siku ya kwanza Mama Nalimi alitoka, khanga begani:
"Nani kafa?"
Maana kwetu huku mtu wa miaka hamsini na moja
hakimbii pasipo msiba.
Nikamwambia hakuna aliyekufa.
Hakuamini. Saa moja asubuhi
watu watatu walikuwa wameshakaa barazani kwangu
wakingoja kuambiwa.

Zikatoka kilo nne. Miezi mitatu, kilo nne.
Shati likaanza kupumua.
Nikadhani Somoe atafurahi;
aliingia chumbani, akarudishia mlango,
akaniuliza kwa sauti ya chini
kama kuna jambo sijamwambia.
Sokoni walikuwa wameshaanza kumpa pole.
Mama yake akaja na jogoo kutoka Kitangari,
mchuzi mzito, ugali kama kichuguu,
akaketi mbele yangu mpaka nikalamba vidole.
Kilo nne zikarudi nyumbani,
na ya tano ikafuatana nazo, mgeni asiyealikwa.

Korosho ndizo ninazozionea wivu.
Zinalala tu ghalani, hazikimbii, hazifungi,
hazinyimwi kitu,
na mwezi ukipita gunia limepungua,
nami naandika daftarini: unyaufu.
Hakuna anayeliuliza gunia nani kafa.

Baba yangu alibeba magunia haya haya.
Mzee Chitanda, kilo hamsini na mbili na koti mwilini.
Karani wa zama zile alimpandisha mizani kwa mzaha,
wenzake wakacheka hadi wakakaa chini:
mzigo umemzidi mbebaji.
Usiku ule alinimegea ugali wote, akasema yeye ameshakula.
Nilikuwa na miaka saba, nikaamini.
Kisha nilimsikia gizani akiomba
mwanawe anenepe.

Mwili huu ni dua yake,
imejibiwa mpaka ikapitiliza.
Ndiyo maana kila ninapobakiza tonge
naona kama namsukumia sahani yake, baridi,
naye amekwisha kunawa.

Kila mkulima anajua: tukishapima, tunatoa kilo moja,
ya gunia lenyewe.
Jana nilisimama pale juu, nyayo kwenye chuma cha baridi,
nikijaribu kukadiria kipi ndani yangu ni korosho
na kipi ni gunia tu.
Mshale ulitetemeka kila nilipovuta pumzi.
Sikuandika kitu.

Leo nimekimbia tena.
Mama Nalimi alikuwa anafagia. Hakuuliza.
Aliinua ufagio kidogo, nikapita.